Unga wa mtoto: duka la Temeke linalosaga kila kitu peke yake

Jamani wamama wa Temeke na Mbagala, kuna duka la kusaga unga nataka niwaambie maana limenitoa mbali. Mwanangu ana miezi nane sasa. Alivyofikisha sita nilikimbilia unga wa lishe wa pakiti kwenye duka jingine, ule wenye mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya, karanga na sijui nini tena, nikajua hapo mtoto kapata kila kitu. Siku ya pili tumbo gesi tupu, ya tatu vipele shingoni mpaka mgongoni, nafika kliniki nesi ananiuliza swali moja tu, kipi kimemkataa? Sina jibu. Akaniambia anza na kitu kimoja, kaa siku tatu hivi umwangalie, ndo uongeze kingine.

Sasa hapa kila kitu unasagiwa peke yake na hata robo kilo wanakubali, kwingine ukienda na robo wanakuangalia tu. Karanga dada anazimwaga kwenye ungo mbele yako, zilizosinyaa na zenye ukungu anatoa, kwenye nusu kilo yangu alitoa kama kiganja kizima akanipimia nyingine. Hilo kwangu ni kubwa kuliko bei, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiishi kwa kuchemsha uji, na 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye hiyo sumu.

Halafu kuna kimea, unga wa ulezi uliooteshwa ukakaushwa. Unapika uji mzito kabisa, ukipoa kidogo unatia kijiko kimoja unakoroga, unauona unalainika wenyewe bila tone la maji, unarudisha jikoni uchemke tena kidogo basi. Mi nilikuwa nampikia uji mwepesi wa kwenye chupa nikiogopa atapaliwa, kumbe namjaza maji na katumbo kenyewe kadogo. Siku hizi uji unakaa kwenye kijiko, ukikiinamisha unadondoka taratibu, anafungua mdomo mwenyewe. Naweka dagaa wa kusaga leo, kesho yai, na ziwa ananyonya kama kawaida.

Kinachoniudhi, mashine ni moja na karanga zinapita humohumo, kwa hiyo kama mwanao ana aleji ya karanga hapa hapatakufaa kabisa, nimewaambia watafute hata kamashine kadogo ka pembeni. Mifuko nayo haina tarehe, naandika mwenyewe na kalamu. Ulezi kilo elfu nne, sokoni unapata chini ya hapo ila mawe utapepeta mwenyewe.

Nawapa nyota nne. Nenda asubuhi mapema, ikishapita saa nne wanaingia wenye magunia ya mahindi na robo yako itasubiri sana.