Miezi minne ya masomo ya sauti nikiwa na miaka 43: uzoefu wangu hapa Mwanza

Naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa tangu nikiwa binti. Mwaka jana sauti ilianza kunigomea. Ibada ya kwanza naimba vizuri, ya pili nikipanda juu inapasuka, na Jumatatu kwenye meza yangu ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, naongea kwa kukwaruza. Nilianza kwa daktari wa masikio, pua na koo, na yeyote ambaye sauti imemkauka zaidi ya wiki tatu namsihi aanzie huko kabla ya kumlipa mwalimu. Hakukuta uvimbe. Akasema naitumia vibaya.

Nilijaribu kwanza darasa la watu kumi mjini. Baada ya vipindi vitatu nikaacha, kwa sababu mwalimu hakuweza kusikia kosa la mmoja mmoja. Ndipo nikampata huyu wa Nyamanoro, anayefundishia nyumbani kwake kwa kinanda. Elfu kumi kwa dakika 45, mara mbili kwa wiki.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kuimba hata ubeti mmoja. Alinipa glasi ya maji nusu na mrija. "Mama, chovya mrija kidogo tu, uimbe 'u' ndani yake, mapovu yatoke sawasawa." Yangu yalitoka kwa fujo, maji yakamwagika mezani. Akaniambia pumzi hiyo hiyo ndiyo ninayoisukuma kanisani. Na kweli, miaka yote nilikuwa naambiwa "toa sauti, toa tumboni!", nami nasukuma. Kumbe nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo kooni, na ukiimba ile noti ya A inayotumika kulinganishia vyombo, inakutana mara 440 kwa sekunde moja. Ukiizidishia pumzi, inagongana kwa nguvu na kuvimba. Mrija unairudishia shinikizo kidogo kutoka juu, ikatetema kwa wepesi. Wiki mbili nzima nilifanya hilo tu, mpaka mapovu yakatulia kama maharage kwenye moto mdogo.

Zoezi nililolipenda kuliko yote ni la ng'. Unashika ng' ya ng'ombe, unapanda nayo do, re, mi, fa, so, unashuka, kisha unaifungua iwe "a". Sisi wa huku ng' hatufundishwi, bibi yangu hata mji huu aliuita Ng'wanza. Mtetemo unausikia kwenye mfupa wa pua. Ukifungua mdomo bila kuupoteza, sauti inafika mbali bila kupiga kelele. Mara ya kwanza ilipokubali nilinyamaza, machozi yakanilengalenga, kwa sababu ilikuwa sauti yangu ya zamani.

Jambo jingine: ile tangawizi na asali tunayotafuna kabla ya ibada haigusi nyuzi za sauti, inapita njia ya chakula. Maji ya kutosha tangu asubuhi yana faida zaidi. Na nusu ya madhara yangu yalitoka sokoni, si kanisani. Sasa mteja namsogelea, simwiti kutoka meza ya tatu.

Kasoro zipo. Umeme ukikatika kinanda kinanyamaza, na kipindi kinapungua nguvu. Kusoma noti hakufundishi kabisa, kwa hiyo anayetaka hilo atafute kwingine. Pia hakuwahi kunirekodi. Nilianza kujirekodi mwenyewe kwa simu, na hapo ndipo nilipogundua taya langu linakaza kila nikipanda. Yeye alikuwa ameniambia mara kadhaa, sikuwa namwelewa.

Pasaka niliimba ibada zote mbili, na Jumatatu nikaamka sauti ipo. Nimeshalipia miezi miwili mingine. Tunaanza kuunganisha sauti ya kifua, ile nzito ya chini, na ya kichwa, ile nyepesi ya juu, pale katikati ambapo bado inaruka.