Taa ya LED ya kujiundia kwa hema la mboga ndani ya nyumba: nini ununue, nini uache

Kama uko Dar, Mombasa au Kampala na una kibaraza kinachopigwa na jua, acha kusoma hapa ukanunue mbolea. Jua la bure halina mshindani. Mwongozo huu ni wa aliye Oslo, ambako mwezi wa Desemba jua linazama mnamo saa tisa na robo alasiri, au aliye Minneapolis na Toronto, ambako theluji inafunika bustani miezi kadhaa huku moyo unataka mchicha uliochumwa leo. Na wewe wa Nairobi ambaye dirisha la fleti yako linatazama ukuta wa jirani, karibu pia.

Anza na hesabu kabla ya kwenda dukani. Mmea hauli wati, unakula fotoni, yaani chembe za mwanga, na fotoni hupimwa kwa maikromoli. Sukuma wiki, dania, spinachi na saladi hutosheka na maikromoli 250 hivi kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, taa ikiwaka saa 16 kwa siku. Mchicha ni mtoto wa jua kali. Uuhesabu pamoja na pilipili na nyanya, kwenye 500 au zaidi. Hema dogo la kukuzia mboga ndani, la sentimita 60 kwa 60, lina eneo la mita za mraba 0.36. Zidisha kwa 250 upate 90, ongeza kidogo kwa mwanga unaopotelea kwenye kuta, ifike 110. Taa nzuri hutoa maikromoli 2.5 kwa kila jouli (wati moja ikiwaka sekunde moja), kwa hiyo unahitaji wati 45 kwa mboga za majani. Kwa mchicha na pilipili ni wati 90. Wati 90 kwa saa 16 ni yuniti 1.44 kwa siku, kama 43 kwa mwezi. Ipigie bei ya umeme wa kwenu mapema, kabla bili haijakuambia yenyewe.

Wati ninazozitaja ni zile zinazotoka kwenye soketi. Ukiona boksi limeandikwa "1000W" na taa yenyewe inavuta 100, ujue hiyo elfu moja ni jina tu la biashara. Uliza mambo mawili: inavuta wati ngapi ukutani, na inatoa maikromoli mangapi kwa jouli. Muuzaji asiyeweza kujibu la pili, mwache na taa yake.

Namba 1: bodi moja ya diodi ndogo, na draiva ya maana

Hii ndiyo ningemwambia ndugu yangu anunue. Ni bamba la alumini lenye diodi nyeupe, yaani vitaa vidogo vya LED, mia mbili na zaidi, kila moja ikiendeshwa kwa umeme kidogo, ndiyo maana haichemki na haihitaji feni. Diodi zinazosifika ni Samsung LM301B na LM301H. Chukua nyeupe ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3500 au 4000. Diodi chache nyekundu za nanomita 660 zikiwemo ni vizuri, zisipokuwemo usinyimwe usingizi. Wapo wauzaji wanaoandika LM301 kwenye tangazo huku bodi ina diodi nyingine kabisa, kwa hiyo omba ripoti ya vipimo, si picha.

Lakini watu wengi hukosea hapa: wanamaliza pesa kwenye diodi, halafu draiva, kile kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani uzifae diodi, wanaokota ya bei ya chini kuliko zote. Mimi nasema kinyume. Diodi ya kawaida yenye draiva nzuri itakaa miaka. Diodi ya kifahari yenye draiva mbovu itaanza kupepesa kabla ya mavuno ya pili. Mean Well ya Taiwan ndiyo wajenzi wengi wanayoirudia. HLG-120H-48A, kwa mfano, inatoa wati 120 kwa volti 48 na ampea 2.5, na inakubali umeme wa volti 90 hadi 305. Maana yake ukiijenga Marekani kwenye volti 120, siku ukihamia Arusha unabadilisha plagi tu. Sijui ni bidhaa ngapi za umeme tunazobeba nyumbani zenye sifa hiyo.

Herufi ya mwisho usiipuuze. A ina skrubu ndogo chini ya kizibo cha mpira, unapunguza mwanga kwa bisibisi hadi nusu. B ina nyaya mbili za ziada ambazo unaziunga na kitasa cha kuzungusha cha kilo-ohmu 100, nayo inashuka chini zaidi, jambo zuri kwa miche michanga. Ukiwa mtu wa kuanza mbegu kila baada ya wiki chache, chukua B. Kabla ya kulipa, hakikisha volti ambayo bodi yako inahitaji iko ndani ya masafa yaliyoandikwa kwenye draiva.

Kuunga kwenyewe ni kazi ya jioni moja. Waya mgumu wa shaba, ule wa uzi mmoja, unamenywa kama sentimita moja na kusukumwa kwenye tundu la bodi hadi ukamatike. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kisha waya wa kijani na njano wa kinga unafungwa kwa skrubu kwenye bamba lenyewe la alumini. Huo wa mwisho ndio watu huruka, na ndani ya hema kuna maji na majani mabichi. Unganisha bodi kwanza, umeme wa ukutani mwisho. Ukiibandika bodi kwenye draiva ambayo tayari inawaka, mshtuko wa chaji iliyokuwa ndani unaweza kuua diodi papo hapo. Na kama hujawahi kushika nyaya za soketi, upande huo mwite fundi umeme.

Namba 2: vipande virefu kwenye fremu ya alumini

Kwa hema fupi, au rafu za miche, hivi vinaishinda bodi, kwa sababu mwanga unatoka sehemu nyingi na unaweza kuushusha karibu na majani bila kuyaunguza katikati. Kipande cha Bridgelux EB cha kizazi cha pili chenye urefu wa sentimita 56 hutumia volti 19.5 kwa ampea 0.7, karibu wati 14. Vinane vinakupa wati 110.

Tatizo ni nyaya. Ukivifunga kwa msururu, kimoja baada ya kingine, volti zinajumlishwa zinafika 156, na hizo zinaua mtu. Ukivifunga sambamba unabaki kwenye volti 20 ambazo hazitishi, ila draiva lazima itoe ampea zipatazo 5.6, HLG-120H-20A inatoa 6. Kwa anayejenga nyumbani kwenye watoto, sambamba, bila mjadala. Nunua viunganishi vya kubana kwa kilimi kama Wago 221, uokoe vidole vyako na kazi ya kulehemu.

Namba 3: taa iliyokwisha undwa

Ajabu kuiweka kwenye orodha ya kujiundia, lakini ukweli usemwe. Bodi za wati 100 zilizokamilika zimeshuka bei kiasi kwamba kwa hema moja la 60 kwa 60 unaweza usiokoe chochote kwa kujenga. Kujenga kunalipa ukitaka umbo lako mwenyewe, ukitaka kubadilisha kipuri bila kutupa taa nzima, au ukiwa na mahema mawili na kuendelea.

Namba 4: balbu za kawaida za E27

Kwa trei ya miche ya nyanya au sufuria mbili za dania, balbu nyeupe tatu au nne za wati 9 zikiwa juu yake sentimita 15 zinatosha. Kuna mtindo wa kung'oa kile kifuniko cheupe ili mwanga uongezeke. Usifanye. Balbu nyingi ndani hazijatenganishwa na umeme wa ukutani, na wewe utakuwa unanyunyiza maji hapo chini.

Namba 5: COB

Chipu moja kubwa, kama Cree CXB3590, inayovuta wati 50 hivi mahali padogo kama sarafu. Zilitamba miaka ya nyuma. Leo unalipia chipu, kishikio, pasti na bamba zito la kupoza, na bado mwanga unarundikana katikati. Ukipewa bure, pokea.

Usinunue kabisa

Vile vichipu vya bei ya mandazi vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye volti 220 bila draiva. Kati ya umeme wa ukutani na bamba unaloligusa kuna utando mwembamba tu. Taa za zambarau nazo hazina nguvu inayotangazwa, na chini yake huwezi kuona jani linaloanza kuwa njano wala vidukari upande wa chini. Isitoshe, jirani akiona dirisha lako linang'aa zambarau usiku kucha, hatafikiria sukuma wiki.

Pesa ikibaki, nunua taima, halafu feni ndogo ya kutoa hewa, maana wati 90 za taa ni wati 90 za joto ndani ya hema. Draiva itundike nje. Hiyo peke yake inakupunguzia wati kadhaa za joto. Aplikesheni ya Photone kwenye simu itakuonyesha mwanga unaofika kwenye majani. Pima pembe zote nne za hema, kisha pandisha au shusha bodi hadi pembe zisiachwe mbali na katikati.