Maongezi ya grupu kwenye sentre yetu ya afya Kadutu, Bukavu: nyota 4

Bamama bengi bananiuliza kama hizi seansi za kuongea kwa grupu kwenye sentre, juu ya stresi na mawazo mazito, zinasaidia ao ni kupoteza siku. Miye nasema zinasaidia, muende, lakini muchague saa.

Ile ya asubuhi muiache. Saa tatu mama gani wa Kadutu ana nafasi, njo saa ya kupanga bidhaa sokoni, basi anayekuja anakuja na mtoto mgongoni na roho iko kwa biashara, banabaikalisha kwenye mabenchi kama kanisani, infirmie anasimama mbele anafundisha juu ya stresi, kiisha anauliza "nani ana swali?" Kimya. Na mlango uko wazi, foleni ya farmasi inasikia kila kitu, nani ataongea mambo ya nyumba yake pale?

Ya saa nane ni kitu ingine kabisa. Mama APS (asistanti psikososyal, si munganga, ni mtu aliyefundishwa kusaidia batu kwa maongezi) anapanga viti mviringo, anafunga mlango, anakumbusha: ya humu yanabaki humu, na hakuna wa kulazimishwa kuongea. Kiisha anasema muongee kwanza wawili wawili, kitu kidogo tu, mfano usiku umelala namna gani. Hapo midomo inafunguka, juu ukishamwambia jirani yako kwamba usingizi unakukimbia, kusema mbele ya bote haiogopeshi sana tena. Na batu ni bale bale kila wiki, bapya habaingizwi katikati, njo maana mtu akikosa tunaona haraka na mmoja anapita kwake kumusalimia. Kumusalimia tu, hamuulizi kitu mbele ya bwana yake.

Kuna banaosema eti "pale hakuna munganga, naenda kufanya nini?" Jamani, kuna utafiti ulifanyika huku huku kwetu mashariki ya Congo, ukatoka 2013 kwenye New England Journal of Medicine, na bamama baliopitia ubakaji: grupu za terapi (matibabu ya kuongea) ziliongozwa na ba-APS ba hapa, seansi moja ya mtu peke yake na 11 za grupu. Miezi 6 baadaye, bale balioonyesha bado dalili za depresyo (huzuni nzito) ao wasiwasi mukali balikuwa 9 kwa 100, wakati bale baliosaidiwa mmoja mmoja bila ile terapi balikuwa 42 kwa 100. Munganga alihitajika wapi?

Lawama zangu: viti havitoshi, mtu wa kushika batoto hakuna, na mvua ikinyesha batu ba juu kule mtaa wa Cimpunda habashuki. Kubwa zaidi, bapapa habako! Bareko (bavolontere ba afya ba mtaa) banapita nyumba kwa nyumba lakini banaalika bamama tu. Bapange moja ya jioni, iongozwe na papa, ile nyota ya 5 nitaitoa siku hiyo.

Ukienda, uliza grupu mpya inaanza lini. Pale mapokezi usieleze shida yako kwa sauti, sema tu "naenda kwa mama APS", banaelewa.