Asilimia ya faida: juu ya gharama au ndani ya bei?

Mtu akikwambia "napata faida ya asilimia 25", muulize kwanza: asilimia 25 ya nini? Chukua bidhaa iliyonunuliwa kwa 800 ikauzwa kwa 1,000. Faida ghafi, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama ya kununulia, ni 200. Ukiigawa kwa gharama (200 ÷ 800), unapata asilimia 25. Ukiigawa kwa bei ya kuuzia (200 ÷ 1,000), ni asilimia 20. Pesa ni ileile.

Hesabu ya juu ya gharama ni nyepesi unapopanga bei dukani: unachukua gharama, unaongeza, basi. Lakini matumizi kama kodi ya pango, mishahara na umeme hulipwa kutokana na mauzo, kwa hiyo kwa kupima biashara nzima hesabu ya ndani ya bei ndiyo inayofaa.

Balaa huanza zikichanganywa. Unataka ibaki asilimia 30 ya mauzo, unazidisha 800 kwa 1.3 na kuuza 1,040. Kilichobaki ni 240, yaani asilimia 23 tu. Faida ikiwa asilimia 30 ya bei, gharama ni asilimia 70 yake, kwa hiyo ilipaswa ugawanye: 800 ÷ 0.7, takriban 1,143.

Punguzo nalo hunasa wengi. Aliyeongeza asilimia 25 juu ya gharama hudhani akipunguza asilimia 25 atarudisha mtaji wake. Wapi! Punguzo hukatwa kwenye bei: 1,000 inashuka hadi 750, na hapo ameshapoteza 50 kwa kila kipande.