DVD nane za Katharine Hepburn: saba zake, moja ya mtu mwingine

Mimi ni fundi cherehani, filamu za zamani si fani yangu. Hili sanduku nililinunua kwa sababu ya suruali. Mteja wangu alikuja na picha kwenye simu: mwanamke mwembamba amevaa suruali ya kiuno cha juu, marinda mbele, miguu mipana inashuka wima. Siyo bugaluu. Bugaluu inabana pajani halafu inafunguka chini. Hii upana unaanzia nyongani na haubadiliki mpaka kisiginoni. Akasema anaitaka hivyo hivyo, "ya Katharine Hepburn". Nikaitikia kama vile namjua. Usiku nikaanza kumtafuta, kumbe ni mwigizaji wa zamani wa Hollywood, na wiki mbili baadaye nikawa nimelipa shilingi 60,000 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni: DVD nane za mitumba alizozikusanya mwenyewe, pamoja na karatasi ya maisha ya mama huyo iliyopigwa fotokopi.

Nianze na kilichoniudhi. Nilipanga kutazama kwa mpangilio wa miaka, kuanzia Morning Glory ya 1933 iliyompa Oscar ya kwanza. Natia kwenye deki, anatokea binti mwenye macho makubwa anazunguka Roma na pikipiki. Audrey Hepburn! Hawa wawili hawana undugu, mmoja ni Mmarekani wa Connecticut, mwingine kazaliwa Ubelgiji. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu: "Dada, kwani huyo si Hepburn?" Mpaka leo diski sijaletewa.

Karatasi nayo inasema alizaliwa tarehe 8 Novemba. Nilipohakiki nikakuta 12 Mei 1907, mjini Hartford, nikataka kumrudia muuzaji kwa hasira. Kumbe hapo hana kosa. Tarehe 8 Novemba ni ya kaka yake, Tom, aliyekutwa amejinyonga mwaka 1921. Aliyemkuta ni Katharine mwenyewe, akiwa na miaka 13. Tangu hapo akaichukua siku ya kuzaliwa ya kaka yake na kuifanya yake kwa miongo mingi, hadi alipoeleza ukweli katika kitabu chake cha 1991. Karatasi ile sikuitupa.

Baba yake alikuwa daktari, mama yake mpigania haki ya wanawake kupiga kura, kwa hiyo suruali hazikuanzia hewani. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kwamba studio ya RKO walimfichia suruali ili avae sketi, naye akatembea kazini na nguo ya ndani mpaka wakazirudisha.

Katika DVD hizi saba, iliyonifanya nisimamishe cherehani ni The Philadelphia Story ya 1940, na hasa nilipojua ilikotoka. Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimtaja hadharani katika orodha ya waigizaji ambao ni sumu kwa mauzo ya tiketi. Akavunja mkataba na studio, akarudi jukwaani New York. Tamthilia hiyo ilianza Broadway mwaka 1939, na yeye badala ya mshahara akachukua asilimia ya faida. Tajiri Howard Hughes akamnunulia haki za filamu. Hollywood walipoitaka, ikabidi wamchukue na yeye, tena akiwa na sauti juu ya mwongozaji na waigizaji wenzake. Mwanamke aliyeitwa sumu akauza mzigo kwa bei yake! Nimewahi kufukuzwa fremu na mwenye nyumba, nikarudi mtaa ule ule na mashine mbili, kwa hiyo hapa mniache nishangilie kidogo.

The African Queen ya 1951 niliitazama na bibi yangu, mzaliwa wa Kigoma. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza tu, hivyo nikawa namtafsiria kwa sauti kama wale wa vibanda umiza. Hadithi inaanza Septemba 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Hepburn ni mmisionari, Humphrey Bogart ni mwenye boti, na wanashuka mto kwenda kuzamisha meli ya Wajerumani ziwani. Mto wenyewe unaitwa Ulanga. Wa Morogoro mtacheka, maana maji ya Ulanga yanaingia Rufiji na kwenda zao baharini. Ziwa watalikutia wapi? Tena sehemu za Afrika zilipigwa Kongo na Uganda. Nyingine ni studio Uingereza.

Fundi hawezi kuacha kuangalia nguo. Anaanza na kola iliyofungwa hadi kidevuni na kofia, halafu kadiri boti inavyoshuka ndivyo vifungo vinavyofunguka. Nyuma ya kamera hali ilikuwa mbaya zaidi. Yeye alishikilia kunywa maji, akaugua tumbo vibaya, huku Bogart na mwongozaji John Huston wakipiga wiski na kubaki wazima.

Ilipofika meli kulipuka, bibi akaweka kikombe chini. Nilikuwa nimemwambia kwamba meli hiyo inasemekana ilitokana na Graf von Götzen, meli ya Ziwa Tanganyika ambayo sisi tunaiita MV Liemba.

"Muongo huyo," akasema. "Haikulipuka. Mimi nimeipanda na magunia ya dagaa."

Na ni kweli. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927.

Upungufu mkubwa wa sanduku, na huu muuzaji simlaumu, ni kwamba jukwaa halimo. Huyu mama hakuacha jukwaa hata alipokuwa nyota. Alicheza Shakespeare Broadway mwaka 1950, akazunguka Australia na Old Vic, kundi la tamthilia la London, mwaka 1955, na mwaka 1969, akiwa na miaka 62, akasimama kwenye tamthilia ya nyimbo kama Coco Chanel, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa. Fundi wa nguo kuchezwa na mvaa suruali! Hiyo ningelipia mara mbili.

Woman of the Year ya 1942 ndiyo ya kwanza kati ya tisa alizocheza na Spencer Tracy, mwigizaji aliyekuwa mpenzi wake wa miaka mingi, na ya mwisho, Guess Who's Coming to Dinner, imo pia. Tracy alikuwa mgonjwa, akafariki siku 17 baada ya kumaliza kazi. Hepburn alipata Oscar kwa filamu hiyo na alisema hakuwahi kuitazama. Mnapofika pale Tracy anapotoa hotuba yake ya mwisho, mwangalieni Hepburn pembeni, macho yamejaa maji. The Lion in Winter ni magauni mazito na maneno makali. Bringing Up Baby ina chui na kelele nyingi. Mimi ilinichosha, ingawa wengi wanaisifu.

On Golden Pond ya 1981 ilimpa Oscar ya nne. Kichwa chake kinatetemeka muda wote. Bibi akauliza, "Huyu anaigiza au anatetemeka kweli?" Nikamwambia ni kweli, uzeeni alikuwa na mtetemeko wa kichwa na mikono. Akatikisa kichwa, akanyanyua chai yake kwa mikono miwili kama kawaida yake, tukaendelea.

Kwa wanaotaka kununua: diski mbili ni za Marekani, zimefungwa zisomwe na deki za kule, hivyo deki yangu ya kampuni kubwa ilizikataa, ile ya bei chee ya jirani ikazisoma bila shida. African Queen ina mikwaruzo na inaganda dakika chache kuelekea mwisho. Fungueni kila jalada kabla hamjalipa. Nimetoa nyota nne. Suruali ya mteja nayo imetoka, mita mbili na nusu za lineni, na tayari wawili wameagiza kama hiyo.