Uzoefu wangu na SAFIR: msiishie pale moto unapozimika

Mainjinia wenzangu mnaouliza kama SAFIR, programu ya kompyuta ya kukokotoa jengo linavyohimili moto, inafaa kwa majengo ya zege, jibu langu ni ndio tena sana, hasa kwa kile kipande ambacho wengi tunakirukaga, yaani jengo linafanyaje baada ya moto kuisha. Programu imetoka Chuo Kikuu cha Liège kule Ubelgiji na inaenda kwa hatua mbili, kwanza unachora sekisheni (umbo la nguzo au boriti ikikatwa kati) unaipa moto yenyewe inapiga hesabu joto linaingiaje, halafu joto hilo unalihamishia kwenye fremu yenye mzigo.

Mimi nilianza na nguzo hizi hizi za mtaani, milimita 300 kwa 300, nondo 4 za milimita 20, moto pande zote nne, saa moja ya ISO 834 (moto wa kipimo wa kimataifa) ambapo hewa inafika kama 945°C, kisha nikaiacha ipoe. Hapo ndo utamu ulipo aisee! Nje joto linashuka, uso wa nguzo unashuka, ila katikati kulikuwa kumekwama kwenye 100 hivi maji yanachemka, na ndo kwanza kunaanza kupanda wakati huku nje kumeshapoa. Na zege la kokoto za kawaida likifika 500°C linabaki na 60% tu ya nguvu kwa mujibu wa Eurocode 2 (kanuni za Ulaya za majengo ya zege), likipoa hairudi bali inapungua tena, nondo angalau zinajirudi kiasi. Ndo maana nguzo iliyovumilia moto mzima inaweza kuja kuanguka baadaye watu wako ndani. Gretzenbach, Uswisi, Novemba 2004, zimamoto walikuwa wameshaumaliza moto wa gari kwenye paking ya chini ya ardhi, slabu ikawashukia wakafa 7. Inauma sana.

Kitu cha kuangalia, haikokotoi zege kubanduka, kwahiyo kama kava (zege linalofunika nondo) imemeguka itoe mwenyewe kwenye sekisheni, ukiiacha majibu yatakupa matumaini hewa.

Tangu soko la Kariakoo liungue Julai 2021 swali la jengo kutumika tena au kubomolewa linaulizwa sana huku Dar, na kwa swali hilo naipa 5 kati ya 5, ila nendeni nayo saiti: kata koa (kipande cha zege cha kupima), pima zege lililogeuka pinki kwa joto limeingia ndani kiasi gani (kwa kokoto zinazobadilika rangi ni kuanzia kama 300°C), halafu linganisha na ramani ya joto ya SAFIR, zikipishana sana rekebisha moto uliouweka kabla hujamwandikia mteja ripoti.