Boneti la faiba kwenye Escudo yangu: miezi minane ya vumbi na upepo

Boneti la chuma la gari langu, Suzuki Escudo, lilikuwa limeshachoka. Mbuzi alilikunja karibu na Bahi mwaka juzi, fundi akalinyoosha na kulipaka puti, na tangu hapo puti ile ikawa inabanduka kama ukoko wa ugali. Nilipoulizia la mtumba nikatajiwa bei ya kunirudisha nyumbani kimya. Ndipo nikampata jamaa wa Dar anayetengeneza maboneti ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi: shilingi 320,000, rangi juu yangu. Likaja kwa basi limeviringishwa blanketi, nikalipokea stendi ya Nanenane hapa Dodoma na kulibeba kwapani kama mkeka.

Aliniambia lina kilo sita. Nikayapima yote mawili kwenye mizani ya mahindi ya jirani: la chuma kilo 17, la faiba kilo 9 na ushee. Uongo wa kilo tatu nimemsamehe, ni biashara. Ila kama kuna mtu amekwambia utaona nafuu kwenye mafuta, huyo anakuuzia maneno. Gari lina zaidi ya tani moja. Kilo nane ni mtoto mmoja wa kubebwa mgongoni ambaye hayumo garini. Faida niliyoiona mimi ni kwamba halishiki kutu, na hata mke wangu analifunua kwa mkono mmoja kuangalia maji ya redieta.

Kufunga ndiko kulikotutoa jasho. Tuliweka alama kwa penseli kuzunguka bawaba kabla ya kulegeza chochote, tukafungua bolti nne kwa spana namba 12, la zamani likatoka ndani ya dakika kumi. Jipya likagoma. Upande wa kushoto kidole kinapita kati ya boneti na bodi, upande wa kulia hata karatasi haipenyi.

"Bosi, hili halikai," fundi akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyelitengeneza.

Matundu ya kushoto yalikuwa yamepishana na bawaba karibu sentimeta moja. Tukayapanua kwa tupa ya mviringo, taratibu, tumebandika utepe wa karatasi juu yake ili pembeni pasimeguke. Hapa nawasihi: vaeni barakoa na mikono mirefu. Vumbi la faiba ni sindano za kioo zisizoonekana. Kijana wa gereji alikuwa na singlendi, akajikuna hadi jioni. Usijisugue na usikimbilie maji ya moto; bandika utepe wa gundi ngozini uubandue, halafu jimwagie maji ya baridi.

Kingine, usikaze bolti kama unakaza chuma. Chuma hubonyea, faiba hupasuka. Tuliweka washa pana, vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya bolti, pande zote. Kwenye loki ya mbele jamaa alikuwa ameweka kibati chembamba kilichomezwa na gundi, nikakitilia shaka, nikaongeza pini mbili za nje za kulishikilia kwenye fremu. Fundi alicheka, akasema gari limekuwa la mashindano. Wiki mbili baadaye, kwenye barabara ya Iringa kabla ya kufika Mtera, tulipishana na basi na boneti likatetemeka katikati kama ngozi ya ngoma. Abiria wangu akaanza kusali. Mimi nilikuwa namshukuru aliyebuni pini.

Kisa chenyewe ni upepo. Wanaoishi Dodoma wanaujua ule wa kiangazi, kuanzia Juni hivi. Mwezi Agosti nilisimama Kibaigwa kuongeza maji, nikafunua boneti na kuliegemeza kwenye fimbo yake kama kawaida. La chuma hukaa pale kwa uzito wake. Hili lilipigwa na upepo kwa chini likanyanyuka, fimbo ikachomoka, likajipindua nyuma hadi kwenye kioo. Kioo kilipona. Boneti likapata ufa wa urefu wa kidole karibu na bawaba ya kushoto, palepale tulipopanua matundu. Tuliziba kwa kitambaa cha faiba na gundi kwa upande wa ndani, elfu 25, na siku hizi nikilifunua nalifunga kwa kamba ya manila, au namwita mtu alishike.

Rangi nayo isiahirishwe. Mimi nilikaa miezi mitatu na ule weusi wa kiwandani, jua likaugeuza kijivu chenye unga. Ukipitisha kitambaa kinatoka kama umefuta ubao wa shule. Ilibidi fundi apige msasa upya kabla ya kupaka. Pamba ya chini ya boneti la zamani tulihamishia kwenye hili kwa klipu zilezile. Bila hiyo mlio wa injini ulikuwa unaingia ndani ya gari, na harufu ya gundi inapanda ukipanda mlima gari limechemka.

Nyota tatu kati ya tano. Kwa gari la mizunguko ya mjini, Area D hadi Kisasa, ningenunua tena, ila ningesafiri mwenyewe na vipimo vya bawaba zangu kuliko kutumiwa. Kwa anayeshinda kwenye njia kuu akipishana na malori, la mtumba la chuma bado lina heshima yake. Langu la zamani jirani wa mizani ameshaliomba mara mbili aezekee banda la kuku. Nimemwambia asubiri kiangazi kingine kipite.